Tawi Ambamo Nilimshika Mama Yako Mkono

Mwanangu Kabula,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kuulizana afya, halafu ndipo dhumuni. Afya yako naijua. Asubuhi umemaliza sahani mbili za viazi vitamu na bado ukainywa chai ya Bibi yako. Sasa hivi uko saluni unasukwa, na ukirudi utatusumbua wote kwamba kichwa kinauma. Basi niende kwenye dhumuni. Nataka kukuambia nilikuwa wapi siku mama yako alipofariki, kwa sababu sikuwa pale ninaposema siku zote kwamba nilikuwa.

Kama hujaamini, rudia kusoma hapo juu. Halafu vumilia, maana unanijua, mimi nikianza kusema sifiki haraka.

Mambo ya safari siyagusi. Shangazi yako ameshakufundisha begi gani likae miguuni, soksi zikunjwe vipi, na nani usiongee naye njiani, ambaye kwa hesabu yake ni kila mtu. Mimi nina jambo langu moja tu, na kulifikia ni lazima nipite kwenye Ya Mlango, hiyo tamthilia yako unayoipenda, upuuzi mkubwa kuliko upuuzi wote niliowahi kuupitisha mdomoni mwangu.

Usikunje uso. Kesho unakwenda Dar es Salaam kwa ajili ya upuuzi huohuo. Studio inayotia sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje imekukabidhi Ya Mlango yote uiandikie mazungumzo, filamu kumi na moja na misimu tisa ya runinga, na wamekuchukua kwa sababu siku ya usaili uliwachorea matawi yote ya wakati ubaoni bila kutazama karatasi. Ulipotupa habari hiyo shangazi yako alipiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakaamka. Mimi nilisema hongera, nikaenda nyuma ya nyumba kutengeneza runinga ya mteja ambayo wala haikuwa na haraka. Uliona. Ulifikiri nakuonea wivu kwa sababu umechukua kazi yangu ukaipeleka mjini. Hapana. Nilikuwa nimeona aibu, na aibu kwangu mimi siku zote hutoka ikiwa imevaa dharau.

Banda langu la kuonyeshea filamu huwezi kulikumbuka vizuri. Lilikuwa pale Igoma, mahali ambapo sasa kuna kanisa lenye spika nyingi kuliko waumini. Mabati kuta nne, benchi za mbao, runinga moja yenye mgongo mnene, na pembeni yake mimi na maiki. Filamu zilikuwa za Kizungu, watu hawakijui Kizungu, kwa hiyo mtafsiri anasema yeye yote: mwanaume, mwanamke, polisi, mbwa. Wakiniita Dijei. Walitoka Buhongwa, walitoka Ilemela, wanapita mabanda matatu njiani ili waje kunisikia mimi. Na Kizungu chenyewe nilikijua nusu, mwanangu. Nusu nyingine nilijaza.

Hiyo ndiyo siri ya kazi ile na ndiyo sumu yake. Mtafsiri akinyamaza, watu wanaanza kukohoa. Wakikohoa mara tatu wanaanza kutoka. Kwa hiyo hunyamazi. Hujaelewa? Sema chochote. Hujui huyu mzee ametokea wapi? Mpe baba, mpe kijiji, mpe deni la mahari. Kwa miaka kumi na moja sikuwahi kusema kwenye ile maiki neno "sijui."

Filamu ya kwanza ya Ya Mlango ilikuwa nzuri. Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu, ili usije ukasema baba yako hajui kitu. Ilikuwa na sheria moja: Mlango unakupeleka siku iliyopita, lakini utatazama tu, hutagusa. Steringi, yule Kamanda, anarudi kwenye nyumba yake, siku moja kabla mkewe hajafa. Anasimama nje ya dirisha. Mke anapanga sahani mezani. Anapanga, anazihamisha, anapanga tena. Kamanda hagongi. Anatazama mpaka muda wake unaisha, anaondoka. Pale nilizima maiki. Ndiyo mara pekee nilinyamaza katika banda lile, na hakuna aliyekohoa.

Wangeishia hapo. Lakini nani anaishia hapo? Wale watu wanaogopa neno MWISHO kama mbuzi anavyoogopa mvua.

Filamu ya pili, akafa dada yake Kamanda, yule niliyembatiza Neema kwa sababu jina lake lilinishinda kutamka. Banda lililia. Alikuwepo Mama Sabuni, tulimwita hivyo kwa sababu ya biashara yake, mama mnene mwenye sauti nzito, alilia mpaka akatolewa nje kupepewa. Nilijiona mfalme. Nimemliza Mama Sabuni!

Halafu ikatokea ajali ambayo ingeweza kumpata mtu wa kazi yetu peke yake. Aliyekuwa akituletea diski kutoka mjini akaleta filamu ya nne kabla ya ya tatu. Mimi sikujua. Nimewasha, watu wamejaa hadi mlangoni, jua la saa nane linachoma mabati, na nani huyo kwenye kioo? Neema! Mzima wa afya, anakunywa chai na kaka yake, wala hawashangaani. Banda zima likageuka kunitazama mimi. "Dijei, huyu si tumemzika?" Ningesema sijui. Ningesema, jamani, nadhani kuna kipande tumekiruka. Mimi nikashika maiki nikasema, "Huyu si Neema, ndugu watazamaji! Huyu ni Tatu, pacha wake, aliyefichwa kwa wamisionari tangu utotoni!" Ebo! Walisimama juu ya benchi. Nimepigiwa makofi na watu ambao kipigo cha jua hakijawahi kuwasimamisha.

Filamu ya tatu ilipofika, nikaona kumbe wenye filamu wenyewe walikuwa waongo kunizidi. Kamanda amevunja sheria ya Mlango, ameingia siku ya ajali, amemvuta Neema mkono, na wakati ukapasuka vipande viwili: upande mmoja Neema kafa, upande mwingine hajafa. Tawi! Sasa mimi nina Neema aliyekufa, Neema ambaye hakufa, na Tatu wangu wa wamisionari ambaye hayupo popote. Nilitokwa jasho. Nikaanza kuwaeleza watu kwamba Tatu amesafiri kidogo. Ndipo Mama Sabuni aliposimama. Hakupiga kelele. Alisema, "Dijei, mimi nimezika watoto wawili. Kama huyu alikuwa anarudi, nirudishie machozi yangu." Akachukua kikapu chake akatoka, na hakukanyaga tena banda lile.

Mimi nikafanya nini? Nikamcheka, kwenye maiki. Nikasema, "Mwacheni mama, tawi lake limekatika." Watu wakaangua kicheko. Nimesema mambo mengi ya kijinga maishani lakini hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Tangu pale mlango ule haukufungwa. Ukitaka kujua jinsi tamthilia inavyoishi miaka thelathini bila kuwa na la kusema, itazame hiyo. Mwigizaji wa Kamanda amezeeka na magoti yanamuuma? Tawi jipya, Kamanda ana miaka ishirini. Watazamaji wamemchukia adui mpya? Mrudishe yule wa zamani, yule Kipara, si alikufa kwenye tawi la kwanza tu. Waandishi wamekosea, wamemwozesha Neema kwa mtu ambaye ni babu yake? Futa tawi. Kufikia msimu wa sita wakati umekuwa ofisi ya serikali, una maofisa, una sare, una fomu za kujaza kabla ya kwenda jana. Halafu ile filamu ya kumi uliyonilazimisha tuitazame pamoja Krismasi: Kamanda mzee, Kamanda kijana, na Kamanda wa tawi la tano ambaye ni mwanamke, wote watatu wanasimama juu ya kilima, muziki unapanda, na wewe unanishika bega unalia. Unalia nini? Hakuna kilichotokea! Watu watatu wamesimama kilimani! Mnapiga makofi kwa sababu mmewatambua, basi, kama mtu aliyekutana na jirani yake stendi ya mabasi.

Na zamani vijana walikuwa wakisema steringi hafi. Lilikuwa neno la utani. Sasa wamelifanya katiba. Hafi steringi, hafi dada yake, hafi adui, hafi hata mbwa. Mtu akipigwa risasi, nyinyi mnaulizana kwa utulivu kabisa, "Hili ni tawi la ngapi?" Nilikuuliza siku ile, hilo ni tawi la mkuyu au la chama? Ukanuna siku mbili.

Lakini ulipoacha kununa ulinijibu, na jibu lako limekaa na mimi. Ulikuwa umesimama mbele ya ule ukuta wako wa chumbani, wenye makaratasi na nyuzi za rangi, matawi kumi na saba. Ulisema, "Baba, wewe unaona wanadanganya. Si uongo. Watu wanataka kuona ingekuwaje. Ni huruma tu." Mimi nikasema huruma gani, maji yakimwagika hayazoleki, na nikatoka nikabamiza mlango. Nilibamiza kwa sababu umelitamka neno lilelile nililokuwa nikijiambia mwenyewe tangu ukiwa na miaka sita.

Haya. Tumefika.

Siku ya pacha ndiyo siku yenyewe.

Mama yako alikuwa Busisi kwa Bibi yako, alikwenda kupumzika kwa sababu ujauzito wa pili ulikuwa unamsumbua. Hilo unalijua. Nilimsindikiza mimi hadi Kigongo, akapanda feri, akanipungia kwa kanga. Ilikuwa wiki ya tatu. Na mchana ule wa saa nane, mimi nikiwa na maiki, Neema akiwa anakunywa chai kwenye kioo, makofi hata hayajatulia, simu yangu ikaita mfukoni. Maiki ikaidaka. Banda zima likasikia.

Ilikuwa simu ya mjomba wako Lukasi. Niliiona namba yake. Na mimi, Dijei, ambaye hakuna kitu kinachonishinda, nikasema, "Kamanda anapigiwa simu kutoka mwaka kesho!" Watu wakafa kwa kicheko. Nikaikata. Ikaita tena. Nikaizima kabisa.

Filamu iliisha kwenye saa kumi. Nje kulikuwa na watu wengine wengi, habari ya pacha imeshatembea hadi sokoni, wanataka kuonyeshwa na wao. Ningewasha simu hapo. Ilikuwa mfukoni, Kabula, kitu cha kubonyeza mara moja. Lakini walikuwa wananipigapiga mgongoni, mmoja amenishikisha soda, wananiambia hakuna mtafsiri Mwanza nzima, na mimi nikaingia tena ndani nikarudia filamu yote mwanzo mpaka mwisho. Nikarudia na utani wa simu. Nilipiga mluzi mimi mwenyewe mahali ambapo simu iliita.

Nilipoiwasha ilikuwa inakaribia saa moja. Ujumbe wa mjomba wako ulikuwa mfupi: Shemeji, tuko hospitali Sengerema, dada anatokwa damu, anakuulizia. Nilikimbia. Nilikodi gari. Nilipofika Kigongo feri ya mwisho ilikuwa imeondoka, na nikiwa bado nimesimama pale kando ya maji mjomba wako akanipigia tena kuniambia. Alifariki jua likizama, yeye na mdogo wako. Nilivuka na feri ya kwanza asubuhi, nikiwa nimevaa shati lilelile la banda.

Sidai kwamba ningemponya. Madaktari walishindwa, mimi ni nani. Ningekuwepo tu. Ningeondoka simu ilipoita mara ya kwanza, saa kumi na moja ningekuwa nimekaa kando ya kitanda chake. Alikuwa ananiulizia mimi, na mimi nilikuwa nafufua watu kwenye runinga.

Siku ya tatu ya msiba ulinijia. Ulikuwa na lile gauni la njano lililokuwa refu kwako. Watu wamejaa uani, wazee, majirani, na wewe ukauliza kwa sauti ya juu kama ulivyozoea, "Baba, Mama alisema nini?" Wote wakanitazama. Na mtu mmoja akakohoa.

Nikajaza. Nikasema, "Alinishika mkono, akasema, mtunze Kabula."

Bibi yako alikuwa ameketi mkekani, hatua mbili kutoka nilipo. Aliyeshikwa mkono na mama yako ni yeye. Alinitazama, mwanangu. Sijui nilitazamia nini, labda anivue nguo pale mbele za watu, alikuwa na haki. Alikutazama na wewe, akaona umetulia, umekuja kujilaza pajani kwangu. Akavuta kanga yake hadi usoni, akanyamaza. Amenyamaza mpaka leo.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Wanaosema hivyo hawajafanya kazi ya kutafsiri. Njia ya mwongo hairefuki tu, inaota na matawi. Ulipokuwa na miaka kumi na minne binamu yako alikuambia kwamba mimi sikuonekana Sengerema siku ile, nilifika kesho yake. Ulinijia umevimba. Nikafungua Mlango. Nikakuambia feri iliharibika katikati ya maji, nimekwama, mjomba wako akamwekea mama yako simu sikioni, akaisikia sauti yangu, ndipo akaondoka. Ukasema, "Na mkono je?" Nikasema mkono nilimshika asubuhi. Ukaitikia. Ewe Kabula! Wewe ambaye umeandikia studio huko Ulaya barua kwamba kovu la Kamanda liko shavu la kushoto kwenye filamu ya tano na la kulia kwenye ya sita! Wewe ulisikia mama yako ameaga kwa mkono na ameaga kwa simu, ukazipokea zote mbili, hukutia hata alama ya kuuliza. Sikulaumu. Nilikulea hivyo. Nyumba hii ndiyo iliyokufundisha kwamba jambo likikuuma, kuna upande mwingine ambako halikutokea.

Ningeendelea kunyamaza, nisikudanganye. Nilikuwa nimeshapanga kunyamaza. Lakini Jumapili, kwenye ile sherehe ya kukuaga, ulisimama mbele ya watu na soda mkononi ukasema, "Namshukuru baba, kwa sababu alimshika mama mkono mpaka mwisho, akamwahidi kunitunza, na ametimiza." Watu wakapiga makofi. Shangazi yako akafuta machozi. Niliyasikia yale makofi, na nilijua nimewahi kuyasikia wapi. Bibi yako alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na jiko. Hakupiga makofi. Alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe.

Baadaye nilimfuata jikoni. Nikasema, "Shikamoo Mama," ujinga gani, nilishamwamkia asubuhi. Akasema, "Marahaba." Nikasema, "Mama, yale aliyosema mtoto." Akaendelea kupanga vikombe. Akasema, "Baba Kabula, mimi nilikuachia yale maneno ukatulize mtoto. Mtoto ameshakuwa mkubwa. Na mimi nimezeeka." Basi. Akaniachia beseni la vyombo nikaoshe.

Alikuja kwa daraja safari hii, Bibi, lile jipya lililochukua nafasi ya feri. Mwanzoni mwa mwaka na mimi nililivuka kwa mara ya kwanza, nimepakiwa na mteja. Nilikuwa hata sijamaliza kufungua karanga tumeshafika ng'ambo. Mteja akasema, mzee mbona unalia, nikamwambia ni vumbi. Vumbi gani juu ya ziwa?

Unanidharau sasa? Dharau. Hata mimi najidharau, na nimekutangulia miaka mingi, nafasi ya mbele nimeishika. Lakini usije ukafanya nilivyofanya, ukaibeba hiyo dharau ukaimwaga kwa watu wengine, kwa Mama Sabuni, kwa tamthilia, kwa mtoto wako aliyesimama mbele ya ukuta na nyuzi zake. Miaka yote nilikuwa nikiwatukana wale waandishi wa Ya Mlango kwa sababu nawajua. Najua chumba walimokaa. Kuna watu nje wanasubiri, kuna mtu aliyekufa ambaye hawataki awe amekufa, na kuna maiki. Tofauti yetu ni kwamba wao hawajafanya vile kwa mtoto wao.

Kazi yako utaifanya kuliko nilivyofanya mimi, hilo silitilii shaka, na sikuombi uiache. Nakuomba hili tu. Watakuletea Neema akiwa hai kwa mara ya nne, au ya tano, na maneno yaliyoandikwa hayataeleweka, na wewe una kalamu na una akili ya haraka kama yangu. Utaona mahali pa kuweka pacha. Mkono utakuwasha. Usimweke. Andika walichosema, na pale walipotoboka acha patoboke, mtazamaji si mjinga, aone mwenyewe. Kuna mama fulani ameketi mbele ya runinga kule Nyakato au Magu ambaye amezika, na yeye anajua kuliko studio nzima.

Halafu ule mkasa wa dirishani, wa filamu ya kwanza. Najua mtautia sauti upya. Kama watakuambia Kamanda aseme neno pale, kwa sababu kimya kinawatisha, kataa. Waambie baba yako ni mshamba wa Igoma na amekataa.

Barua hii sitaichomeka kwenye begi lako. Niliwaza hivyo, usiisome mpaka uko Singida, huko mbali ambako huwezi kunirukia. Nikaona huo ndio mchezo wangu wa siku zote, kuondoka kabla watu hawajakohoa. Nitakupa mkononi ukitoka saluni, hata kabla hujalalamika kichwa. Nitakaa hapa sebuleni. Ukitaka kupiga kelele, piga, majirani wameshatuzoea. Ukitaka kesho nisikusindikize stendi, sitakuja.

Lakini kabla hujaniambia lolote, toka nje kwa mlango wa nyuma. Bibi yako yuko pale uani anachambua mchele wa kesho. Keti naye, muulize mama yako alisema nini mwisho. Yeye ndiye alikuwepo. Alikuwa na fahamu karibu mpaka dakika za mwisho, mjomba wako aliwahi kuniambia, na alizungumza. Kwa miaka kumi na saba hakuna mtu hata mmoja aliyemuuliza Bibi, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshajibu.

Mimi sijui alisema nini, Kabula. Sijawahi kuthubutu kuuliza. Ukishaambiwa, na kama bado utakuwa unataka kuongea na mimi, rudi ndani uniambie na mimi.

Baba yako